NEMBO YA TAIFA: NENO NI LETU SOTE, NGAO INA MWENYEWE



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukiona karibu kila siku, lakini ni wachache waliowahi kukaa wakakitazama vizuri. Kitu hicho ni Nembo ya Taifa, ile ngao yenye simba wawili. Iko kwenye sarafu za mfukoni. Iko kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Iko juu ya barua za Serikali, na iko kwenye cheti cha usajili wa kikundi chenu.

Huenda wengine watauliza: sisi tuna kuku wetu, tuna makuti yetu na akiba yetu ya kila wiki, habari ya simba na ngao yatuhusu nini? Swali ni zuri. Tutalijibu kwa kisa kilichotokea hapa hapa eneo letu la Gongoni. Jina la kikundi hatulitaji, maana wenyewe walikubali tukieleze kisa chao ili wengine wajifunze, si ili wachekwe.

KISA CHA BARUA YENYE SIMBA

Kikundi hiki ni cha akina mama 18. Siku moja baada ya mkutano wao alikuja mtu mwenye shati safi, na mkononi ana faili. Akasema ametumwa na ofisi kubwa kuandika vikundi vitakavyopewa matangi ya maji. Sote twajua maji ya visima vyetu yalivyo na chumvi, na mama wa Gongoni akisikia tangi la maji ya mvua, lazima atege sikio. Yule mtu akatoa barua. Ikasomwa. Ilisema kila mwanachama alipe shilingi 300 za kufungua faili, na matangi yatafika kabla ya masika.

Akina mama wakachangishana. Aliyekuwa hana akakopeshwa na mwenziwe. Zikapatikana shilingi 5,400, zikahesabiwa, zikatolewa. Masika yakaja yakapita. Tangi halikuonekana, na nambari ya simu ya yule bwana haikupatikana tena.

Walipokuja ofisini kwetu tuliwauliza, "Akina mama, mtu huyu mlikuwa mwamjua?"

"La, hatumjui."

"Mlikwenda kwa chifu kuuliza?"

"La."

"Alitoa risiti?"

"Hakutoa."

"Basi ni kitu gani kiliwafanya mkaamini?"

Mama mmoja mzee akajibu, "Mwanangu, ile barua ilikuwa na simba. Karatasi yenye simba ni ya Serikali. Mimi kusoma sijui, lakini simba nawajua."

Tukanyamaza. Basi katibu, msichana aliyemaliza kidato cha nne, akafungua faili ya kikundi atoe karatasi ya kuandika malalamiko yao kwa chifu. Karatasi aliyoitoa ilikuwa na jina la kikundi limepigwa chapa vizuri, na juu ya jina hilo, simba wale wale wawili na ngao yao!

Tukamwuliza nembo ile waliipata wapi. Akasema kijana wa duka la kupiga chapa aliiweka ili barua ipendeze. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Na ni lazima tuseme ukweli: hata sisi tulikuwa tumepokea barua zao nyingi zenye nembo ile, tukaziweka kwenye faili bila kusema neno. Siku ile ndiyo tulifahamu kwamba somo hili tumechelewa kulitoa.

TUITAZAME NEMBO YENYEWE

Haya, mmoja wenu atoe sarafu au cheti cha kikundi, kizungushwe mkono kwa mkono. Tunaona nini?

Katikati kuna ngao ya kienyeji yenye rangi za bendera yetu: nyeusi, nyekundu na kijani, na mistari myeupe kati yake. Nyeusi ni watu wa Kenya. Nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Kijani ni ardhi na mali yake. Nyeupe ni amani. Ndani ya ngao kuna jogoo aliyeshika shoka, naye anakwenda mbele. Jogoo huwika kukipambazuka, na shoka ni kazi. Wazee watakumbuka kwamba jogoo alikuwa pia alama ya chama cha KANU kilichoongoza nchi wakati wa uhuru.

Simba wawili wamesimama huku na huku, kila mmoja na mkuki wake, wakiilinda ngao. Chini ya miguu yao kuna Mlima Kenya, na kwenye mlima huo mazao ya nchi: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Na chini kabisa kuna utepe wenye neno moja tu: HARAMBEE.

Neno hilo tulishike vizuri, tutalirudia mwisho.

KWA NINI ALAMA INAWEKEWA SHERIA?

Alama ya utawala si pambo. Ni namna ya kusema jambo bila kufungua kinywa. Sisi watu wa pwani tunalijua hili zaidi ya wengi. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ambao Gongoni imo ndani yake, ulihesabiwa kuwa ni mali ya Sultani wa Zanzibar hata wakati Waingereza ndio waliokuwa wakiutawala. Ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea kwenye ngome ya Fort Jesus, Mombasa, mpaka mwaka wa uhuru, 1963. Kitambaa kile hakikusema neno, lakini kila nahodha aliyeingia bandarini alijua kinasema nini. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru, bendera mpya ikapandishwa, na kila mtu akafahamu kwamba mwenye nyumba amebadilika.

Na nembo ni hivyo hivyo. Ikiwekwa juu ya karatasi, karatasi hiyo inasema: "Anayezungumza hapa ni Serikali ya Kenya." Sasa tuulizane: je, kikundi chetu kikiandika barua ya kuomba mizinga ya nyuki, anayezungumza ni Serikali? La. Anayezungumza ni kikundi. Kumbe tukiweka nembo pale juu tunasema jambo lisilo kweli, hata kama kila neno lililo chini yake ni kweli.

Majirani zetu nao ni vivyo hivyo. Tanzania wana ngao yao yenye mwanamume na mwanamke na maneno Uhuru na Umoja. Uganda wana ngao yao yenye korongo mwenye taji. Kila nchi huilinda nembo yake kwa sheria, kama vile mwenye ng'ombe anavyoilinda chapa yake. Chapa ikipigwa na kila mtu, ng'ombe hajulikani tena ni wa nani.

SHERIA ZINASEMAJE?

Tutazitaja kwa ufupi, kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 9, inataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, nembo ya taifa, na muhuri wa Jamhuri. Zote nne zimeonyeshwa katika Jedwali la Pili la Katiba. Kwa hiyo mtu hawezi kuzichora apendavyo, kumwongezea simba mkia au kumwondolea jogoo shoka.

Pili, iko Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, ambayo imekuwako tangu mwaka wa uhuru. Hii ndiyo inayotugusa zaidi. Inakataza mtu kutumia nembo ya taifa kwa biashara, kazi au shughuli yake bila idhini ya maandishi kutoka kwa Waziri anayehusika. Haikatazi nembo yenyewe tu. Inakataza pia kitu kilichofananishwa nayo mpaka mtu akadanganyika. Anayevunja sheria hii anaweza kutozwa faini au kufungwa. Sheria hiyo hiyo inataka alama za taifa ziheshimiwe, na hairuhusu kila mtu kupeperusha bendera ya taifa kwenye gari lake. Hiyo ni haki ya wakubwa waliotajwa tu.

Tatu, iko Sheria ya Baraza la Nembo, Sura ya 98, ya mwaka 1968. Wengi hawajaisikia. Chini ya Mwanasheria Mkuu kuna baraza linalotoa nembo rasmi kwa halmashauri, vyuo, vyama na mashirika yanayoomba. Nembo ikitolewa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye nayo akawa ndiye mwenyewe. Kwa hiyo njia halali ya kupata nembo ipo. Anayetaka ngao yake huomba apewe, haazimi ya Serikali kimya kimya.

Nne, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaipa kila kaunti alama zake: bendera, nembo na muhuri. Basi msiseme, "Tumeacha simba wa taifa, tutatumia nembo ya Kaunti ya Kilifi." Hiyo nayo ina mwenyewe.

Tano, kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Hapa hatuzungumzi tena juu ya kosa la kutojua. Mtu anayeghushi hati ya Serikali anaweza kufungwa hadi miaka 7. Na mtu anayejifanya ofisa wa Serikali naye ana kosa lake la jinai. Yule bwana wa matangi ana kesi mbili hizo, mbali na pesa za watu alizokula.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Cheti chetu cha usajili kina nembo. Je, si maana yake tumeruhusiwa kuitumia?"

La. Nembo iliyo kwenye cheti ni ya aliyetoa cheti, si ya aliyepewa. Mama akikuandikia barua kwa jina lake, wewe hupati ruhusa ya kutia sahihi kwa jina lake. Cheti kinasema Serikali imekitambua kikundi chenu. Hakisemi kwamba kikundi kimekuwa ofisi ya Serikali.

"Tunafanya kazi bega kwa bega na ofisi ya kilimo. Tukiweka nembo si itaonyesha ushirikiano?"

Ushirikiano waandikeni kwa maneno: "Kikundi hiki kinashirikiana na ofisi ya kilimo." Na hata hayo muyaandike baada ya ofisi yenyewe kukubali.

"Je, rangi za bendera nazo haziguswi?"

Mtu hakatazwi kuvaa nyeusi, nyekundu na kijani. Shida huja rangi hizo zikipangwa pamoja na ngao na mikuki juu ya bidhaa au bango lenu mpaka mnunuzi akadhani mali hiyo ni ya Serikali. Mkiwa na shaka, acheni.

"Siku ya Madaraka tungependa kupandisha bendera mkutanoni."

Kuipenda bendera ni jambo jema, na heshima yake iwe kamili. Isiwe imechanika wala kupauka. Isiburutwe chini wala kutandikwa mezani kama kitambaa cha kulia. Desturi ni kuipandisha saa kumi na mbili asubuhi na kuishusha saa kumi na mbili jioni. Zungumzeni na chifu mapema ili mambo yaende sawasawa.

Na mkisimama kuimba wimbo wa taifa siku hiyo, waambieni watoto kwamba sauti yake ilitoka kwa majirani zetu, Wapokomo wa Mto Tana. Ulikuwa wimbo wa mama wa kubembeleza mtoto. Na miongoni mwa watu watano walioutengeneza kabla ya uhuru alikuwamo kasisi Thomas Kalume, ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Malindi Kaskazini. Alama hizi si za watu wa mbali. Na sisi tumo ndani yake.

SASA TUFANYE NINI?

Tuna mambo mawili ya kutenda: kusafisha nyumba yetu, na kufunga mlango dhidi ya mwizi.

A. Kusafisha nyumba yetu

1. Fungueni faili na kabati. Tazameni karatasi za barua, muhuri, bango, vitabu vya risiti, vitambulisho vya wanachama na fulana. Mkiona nembo ya taifa au ya kaunti, wekeni kando vitu hivyo na msivitumie tena.

2. Chagueni alama yenu wenyewe. Gongoni haina uhaba wa alama! Kuna mnazi, kuna mtumbwi, kuna mkorosho, kuna jungu la maji, kuna mikono miwili iliyoshikana. Acheni ngao yenye mikuki, acheni simba wawili wanaotazamana, acheni jogoo mwenye shoka. Acheni pia maneno "Jamhuri ya Kenya" juu ya karatasi zenu.

3. Muhuri uwe na jina kamili la kikundi kama lilivyo kwenye cheti, nambari ya usajili, na mahali. Hayo yatosha.

4. Alama mliyochagua ipitishwe katika mkutano, na katibu aiandike kwenye kitabu cha kumbukumbu pamoja na tarehe. Kisha mpelekeeni ofisa wa Maendeleo ya Jamii nakala aiweke kwenye faili yenu.

5. Muhuri uwe na mtu mmoja wa kuutunza, na asiwe yule yule anayetunza pesa. Muhuri na kasha la pesa vikilala nyumba moja, kishawishi nacho hulala humo.

6. Mwambieni mwenye duka la kupiga chapa asiongeze chochote ambacho hamkumwomba. Mkiona ameongeza, msipokee.

B. Kufunga mlango

Siku hizi mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kuichukua nembo na kuibandika kwenye karatasi kwa dakika moja. Kwa hiyo simba peke yao si ushahidi. Barua ikija, hata ikiwa na simba kumi, fanyeni haya kabla ya kutoa hata shilingi:

1. Tazameni kama ina jina la ofisi, jina na cheo cha aliyetia sahihi, tarehe, na nambari ya kumbukumbu.

2. Wawili wenu waende kwa chifu au kwenye ofisi iliyotajwa, waulize, "Barua hii yatoka kwenu?" Msiipige ile nambari iliyoandikwa kwenye barua yenyewe. Mwizi hawezi kuandika nambari ya polisi, ataandika yake.

3. Pesa za Serikali hazipokelewi chini ya mwembe. Malipo mengi ya Serikali Kuu siku hizi hupitia mtandao wa eCitizen, na kila malipo ya Serikali lazima yawe na risiti rasmi. Mtu akitaka taslimu mkononi, au mtumie kwenye simu yake mwenyewe, hapo hapo simamisheni jambo.

4. Mwenye haraka mwambieni angoje. Ofisa wa kweli hatakasirika mkisema, "Tupe wiki moja tuulize." Anayesema leo ni mwisho, huyo ndiye wa kuogopwa.

5. Mkigundua udanganyifu, ripotini polisi upesi, na barua ile msiitupe wala msiichane kwa hasira. Ndiyo ushahidi.

6. Wasomeeni wasiojua kusoma barua nzima, pamoja na jina la aliyetia sahihi. Mama yetu aliyewajua simba hakuwa mjinga. Alisoma kile alichoweza kusoma. Kosa ni letu tuliojua herufi, tukamwachia simba peke yao.

MWISHO WA KISA

Kikundi kile kilikwenda polisi kikaandikisha malalamiko. Pesa mpaka leo hazijarudi, na hatutaki kuwadanganya kwamba zitarudi. Lakini walifanya jambo jingine. Walizichukua zile karatasi za barua zenye nembo wakazichoma wote pamoja. Wakakaa wakabishana juu ya alama yao. Wengine walitaka mnazi, wengine mtungi. Mwishowe yule mama mzee akasema, "Wekeni mtungi. Tulitapeliwa kwa ajili ya maji, na maji tutayatafuta wenyewe." Mtungi ukapita. Sasa wanaweka shilingi 50 kila wiki kila mmoja, na tangi la kwanza wameshalinunua. Hakuna barua iliyolileta.

Sasa turudi kwenye lile neno lililo chini ya nembo. Serikali haikulibuni neno harambee. Ni neno la watu wanaovuta kitu kizito pamoja, na Mzee Jomo Kenyatta alipolitoa kuwa mwito wa nchi mwaka 1963, lilikuwa limekwisha tolewa jasho na wengi. Ngao, jogoo na simba ni vya Serikali kutumia. Lakini harambee ni kazi yenu ya kila wiki. Kikundi kinachochanga, kinachoandika hesabu na kinachoulizana maswali bila kuogopana, kinaishi neno la nembo kuliko kile kilichoipiga chapa kwenye karatasi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Je, kuna kitu chochote cha kikundi chetu chenye nembo ya taifa au ya kaunti? Nani atakikagua, na lini?

2. Ni mambo gani hutufanya tumwamini mgeni upesi? Nguo? Gari? Karatasi? Lugha?

3. Kati yetu ni nani hawezi kusoma barua? Tumsaidieje bila kumwaibisha?

4. Tukichagua alama yetu wenyewe, ingekuwa nini, na ingewaambia watu nini juu yetu?

5. Nani wawili tunaowachagua leo kwenda kuuliza ofisini kila barua yenye simba itakapokuja?

Majibu ya swali la tano yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu kabla mkutano haujafungwa.